Tumbo linakua, vipimo vya mimba vinakataa, na nikaha imekaribia

Shangazi, shikamoo. Asalaam aleikum.

Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Arua, nauza vitenge sokoni. Naandika kwa sababu nyumbani kila mwamba ngoma anavutia kwake na mimi sijui nimfuate nani.

Tumbo langu lilianza kukua mwaka juzi. Nilidhani nanenepa, maana kazi yangu ni ya kukaa. Lakini mikono na mashavu vilibaki vilevile, tumbo peke yake ndilo linalotangulia. Haliumi sana. Nikila kidogo nashiba, na nikigeuka ubavu usiku nahisi kitu kizito kinahamia upande ule. Sketi zangu zote nimezifumua kiunoni nikaongeza kipande. Kwenye kituo cha afya waliandika minyoo katika daftari langu, nikanywa dawa, hakuna kitu. Baadaye wakasema pengine ni kichocho kwa kuwa nimekulia kando ya Nile, nikapewa vidonge vyake, nikatapika mpaka jioni, tumbo likabaki palepale. Bibi akasema ni bandama na akataka nipelekwe kuchanjwa chale. Hapo nilikataa.

Mchumba wangu ni dereva wa lori linalokwenda Sudan Kusini. Mahari imetolewa nusu na nikaha imepangwa baada ya Idd. Shangazi yake alipokuja kunitazama aliniangalia tumbo kabla ya kunisalimu. Siku ya pili nikaletewa kipimo cha mimba na nikaambiwa nijipime mbele ya mawifi. Hakuna mimba. Wakaleta kingine, kilekile. Sasa mama yake anasema wangoje tu, kama ni mtoto atatoka mwenyewe. Mchumba alikuwa akinitetea, lakini siku hizi simu anapokea akiwa na maneno mawili matatu, halafu anasema mtandao mbaya.

Nikaenda mwenyewe hospitali ya rufaa. Walinipiga skani, daktari akaniambia kuna uvimbe wenye maji na vyumba vingi kwenye utando unaoshika utumbo. Ameandika kuwa inaelekea ni limfanjioma, nipigwe picha ya CT kisha nionwe na daktari bingwa wa upasuaji. Alisema haionekani kuwa saratani, ila utolewe. Nilipoeleza nyumbani, mama akasema kama si saratani basi haraka ya nini, nivae buibui pana nikaha ipite kwanza. Mama wa mchumba naye kasikia, anasema hiyo ni ile saratani ya Mulago, hospitali kubwa ya Kampala, ikiguswa na kisu inasambaa mwili mzima.

Halafu kuna kliniki moja mjini. Mhudumu wa pale ameniambia anaweza kuyatoa maji kwa sindano mchana mmoja, shilingi laki moja na nusu, na nitarudi nyumbani na tumbo bapa. Shangazi, nimeshaiweka hiyo pesa pembeni. Nataka tu nisimame siku ya nikaha bila watu kunihesabia miezi. Nifanye hivyo, kisha upasuaji baadaye? Na je, nikipasuliwa nitazaa?

Binti wa Vitenge, Arua

*

Marahaba mwanangu, wa aleikum salaam.

Nianze na sindano, maana hiyo inaweza kufanyika leo jioni kabla hujamaliza kusoma mengine. Usichomwe.

Huyo wa kliniki anakuuzia tumbo la siku chache. Uvimbe wa namna hii ndani umegawanyika vyumba vyumba kama chungwa lililokatwa, na kila chumba kina ukuta wake. Sindano ikinyonya kimoja au viwili, vingine vinabaki vimejaa. Hata hivyo vilivyonyonywa vitajaa tena, kwa kuwa mishipa inayovipelekea maji ipo palepale. Halafu uongeze hasara zake. Sindano inaweza kupasua mshipa wa damu, uvimbe ukajaa damu usiku huohuo. Inaweza kutoboa utumbo. Inaweza kuingiza vijidudu, na maji yaliyokuwa safi yakageuka usaha. Kuna na jingine ambalo mhudumu wako pengine halijui: hapa Uganda, hasa Karamoja kwenye mifugo na mbwa wengi, watu hupata uvimbe wa maji unaotokana na minyoo ya mbwa. Kwenye skani unaweza kufanana na wako. Ule ukichomwa ovyo maji yake yakamwagika tumboni, mgonjwa anaweza kupata mshtuko wa mzio akapoteza maisha palepale kitandani, na akinusurika, mbegu za minyoo zinatawanyika tumbo zima. Wewe ni wa Arua, si wa Moroto kule Karamoja, lakini mtu anayechoma tumbo bila kujua kilichomo ndani hachagui wilaya.

Yapo matibabu ya kweli ya sindano, nisije nikaambiwa nimeficha. Mtaalamu anaongoza sindano huku akitazama skani, ananyonya maji, kisha anaingiza dawa kama bleomaisini au doksisaiklini ili kuta zishikamane. Zaidi hufanywa kwa uvimbe wa shingoni wa watoto. Uliloahidiwa wewe ni bomba la sindano na beseni tu.

Sasa, una nini hasa. Kabla ya kukalia kiti hiki nilikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji, kwa hiyo nitakueleza kama nilivyokuwa nikiwaeleza ndugu wa wagonjwa. Mbali na mishipa ya damu, mwili una mishipa mingine myembamba inayokusanya maji yaliyochuruzika kutoka kwenye damu na kuyarudisha. Maji hayo ndiyo limfu. Tezi zake unazijua, ndizo zikivimba kinenani tunasema mtu ana mitoki. Mishipa ya limfu inayotoka kwenye utumbo ina kazi ya ziada, inabeba mafuta ya chakula, ndiyo maana maji yake huwa meupe. Nimeona uvimbe kama wako ukifunguliwa na maji yakatoka rangi ya maziwa, na daktari mwanafunzi akarudi nyuma hatua mbili akidhani ni usaha.

Mara nyingi limfanjioma ni kasoro ya tangu mtu akiwa tumboni mwa mama yake. Kipande cha mishipa hiyo hakikuungana vizuri na mingine, maji yakaingia yasipate pa kutokea, kuta zikatanuka polepole. Kwa kawaida hairithiwi na haiambukizwi. Haiji kwa mwanaume wala kwa uchawi. Asilimia 95 hivi hujitokeza shingoni na kwapani, na nyingi huonekana mtoto hajatimiza miaka miwili. Za tumboni ni chache mno, na za tumboni kwa mtu mzima ni chache zaidi. Kwa hiyo wale wa kituo cha afya walioandika minyoo, kisha kichocho, siwalaumu sana; kando ya Nile hayo ndiyo yanayoingia mlangoni kila siku. Ningewalaumu kama wangeendelea kukupa vidonge mwaka wa tatu. Si ugonjwa mpya pia. Daktari wa Florence aitwaye Antonio Benivieni alieleza uvimbe wa kwenye utando huohuo wa utumbo katika kitabu kilichochapwa mwaka 1507, na Mfaransa Tillaux akafanikiwa kuutoa mmoja mwaka 1880. Mwambie hivyo shangazi wa mchumba akianza habari za jini.

Mama mkwe wako mtarajiwa hajazua kitu kuhusu Mulago. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi pale, aliandika mwaka 1958 habari za watoto wetu waliokuwa na uvimbe wa taya na wa tumbo, na saratani hiyo inaitwa kwa jina lake hadi leo. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianza palepale Mulago mwaka 1967. Watu wa rika langu wamekua wakijua kuwa tumbo likivimba, unapelekwa Mulago na hutarudi. Lakini ile hushika zaidi watoto, hukua kwa siku na wiki, ni nyama ngumu iliyojaa, na tiba yake kuu ni dawa. Wako ni maji, umekua taratibu toka mwaka juzi, na wewe unapanga vitenge kila asubuhi. Limfanjioma haitumi mbegu kwenye maini wala mapafu. Kisu hakiisambazi. Kinachoweza kutokea ni kuota tena palepale kama kipande kimebaki, na hilo linamtaka daktari awe makini kuutoa wote.

Kwa mama yako nina neno kali kidogo. Anasema si saratani, basi haraka ya nini. Uvimbe usio saratani ukiwa begani, mtu anaweza kuzeeka nao. Wako umeshika utando unaobeba utumbo mwembamba. Aliyewahi kusafisha matumbo ya mbuzi siku ya Idd anaujua, ule mpana wenye mafuta na mishipa inayotawanyika, unaokatwa ili utumbo unyooke. Mzigo mzito ukining'inia hapo, unaweza kuuvuta utumbo ukajipinda, damu ikakatika. Unaweza kuubana chakula kisipite. Unaweza kutokwa damu kwa ndani au kuingiwa na vijidudu. Kwa hiyo shika hili, na mama yako alishike: maumivu makali ya ghafla, kutapika nyongo ya kijani, kukosa choo na hata upepo, homa, tumbo kuwa gumu, au kizunguzungu cha kutaka kuanguka, ni hospitali usiku uleule, usiku wa nikaha ukiwemo. Mtu anayepasuliwa kwa mpango, ana damu ya kutosha, amepimwa, daktari kalala vizuri, hana hatari sawa na anayeletwa saa nane za usiku akiwa amezimia.

Simaanishi kila limfanjioma ikatwe. Ndogo isiyomsumbua mtu huweza kuangaliwa tu kwa skani kila baada ya muda. Yako imeshakuzuia kula na inahama usiku. Hiyo si ya kuangaliwa.

Je, utazaa? Uvimbe huu hauko kwenye kizazi, na kuutoa hakugusi kizazi. Ila hapa uwe macho. Uvimbe wa maji kwa msichana mara nyingi hudhaniwa ni wa ovari, na wa kwako hautakuwa wa kwanza kuchanganywa. Utakapoonana na daktari wa upasuaji muulize wazi: ovari zangu zote mbili zimeonekana kwenye picha, na ziko salama? Usitie sahihi kwenye fomu ya ridhaa mpaka ueleweshwe watakata nini na hawatakata nini. Kuhusu mimba, nisingependa uipate na mzigo huo bado umo. Mtoto anahitaji nafasi, na kama utumbo utajipinda una mimba ya miezi mitano, madaktari watakuwa na wagonjwa wawili mezani.

Upasuaji wenyewe ni hivi. Watafungua tumbo, au watatumia matundu madogo ikiwa uvimbe unaruhusu na vifaa vipo. Wataumenya kutoka kwenye utando. Ukiwa umeshikana na mishipa inayolisha kipande cha utumbo, watakata na hicho kipande na kuunga ncha mbili. Usiogope ukisikia hivyo, utumbo mwembamba ni mita kama sita, na kipande kifupi kikikatwa hutahisi upungufu. Mwombe daktari jambo moja kabla hujaingia: uvimbe usitupwe. Uende maabara kukatwa vipande na kutazamwa kwa darubini, kwa sababu hapo ndipo neno limfanjioma linathibitishwa. Skani inakisia tu. Hospitali zetu nyingi humkabidhi ndugu chupa aipeleke maabara mwenyewe. Huyo ndugu awe mtu mwenye akili timamu, na chupa iwe na formalini, dawa ya kuzuia uvimbe usioze. Nimewahi kuona uvimbe ukiletwa kwenye mfuko wa plastiki, kaveera, juu ya bodaboda, juani, umeshaoza. Hakuna darubini ya kuusaidia huo.

Anza na hospitali yako ya rufaa hapo Arua. Wakiona kazi inazidi vifaa vyao watakuandikia rufaa, pengine hospitali ya Lacor kule Gulu au Mulago, na ikiwa ni Mulago ni basi la usiku kupitia Karuma. Malipo kwenye hospitali za serikali yalifutwa mwaka 2001, isipokuwa wodi za kulipia, lakini usiende mikono mitupu: glavu, nyuzi, dawa nyingine hukosekana ukaambiwa ununue. Ile laki na nusu ya kliniki imeshapata kazi. Nenda na ndugu wa kukuchangia damu. (Wasomaji wenye watoto wenye tatizo kama hili: Entebbe kuna hospitali ya upasuaji wa watoto iliyofunguliwa mwaka 2021 na shirika la Emergency la Italia, na haitozi. Wewe umeshavuka umri.)

Sasa nije kwa watu, ambao naona wanakuumiza kuliko uvimbe.

Vipimo vya mimba vimetosha. Mgeni akija tena na kikopo, mwambie kwa adabu kuwa daktari ameshaandika na karatasi iko kwa walii wako wa nikaha. Kujipima mbele ya mawifi hukutakiwa kukubali hata mara ya kwanza, lakini najua ulitaka yaishe. Hayakuisha, na hayataisha kwa kipimo, kwa sababu wanaotaka kuona mimba wataiona.

Buibui pana la mama yako litakufaa mpaka jua litakapozama siku ya harusi. Baada ya hapo, mwanangu, huyo ni mume, na atalikuta. Bora alijue leo kwa mdomo wako kuliko alikute gizani. Mama yako anaogopa mahari kurudi, nami namwelewa, lakini anakuomba uingie kwenye ndoa ukiwa umebeba siri ambayo nusu ya soko wanaizungumza.

Mchumba wako umemweleza kwa simu, akiwa barabarani, huku mama yake akimweleza upande mwingine. Hajaona kitu. Safari yake ikirudi Arua, mwambie aje nawe siku ya kuonana na daktari wa upasuaji, akae kwenye kiti, aulize yeye mwenyewe. Mpe daftari alisome. Ikiwezekana baba yako mdogo au kaka yako awepo, ili isiwe ni maneno yako dhidi ya ya mama yake. Usimlilie wala usimwapie. Mtu anayemwamini daktari na bado akaondoka, alikuwa anatafuta mlango. Wazee wa pande mbili watakaa juu ya mahari, na wewe utaendelea na tarehe yako ya upasuaji bila kusogeza hata siku moja. Akibaki, ombeni pamoja nikaha isogezwe. Aliyesema baada ya Idd hakutaja Idd ipi.

Kisha kuna biashara yako. Baada ya tumbo kufunguliwa, wiki sita ni kima cha chini kabla ya kunyanyua kitu kizito, na kama wamekata utumbo daktari anaweza kusema zaidi. Mshono wa ndani ukiachia unapata ngiri, na hapo utarudi mezani tena. Robota za vitenge wabebe wadogo zako, wewe kaa ukate na kupokea pesa. Skani ya kuangalia kama umeota tena uliza utapigwa lini, wengi huanza baada ya miezi sita, na iandikwe kwenye daftari kabla hujatoka wodini.

Shangazi